Laini ya Mkono, Laini ya Kisu: Kumuaga Bi. Koleta Bulugu

Bi. Koleta Bulugu, mwendeshaji wa mashine ya kukatia shiti za chuma katika Karakana ya Ushirika ya Tuinuane, Kasulo, anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025 baada ya miaka thelathini na miezi minane ya utumishi. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameneja sita, ameshuhudia jenereta mbili zikifa, na anaondoka na vidole vyake vyote kumi. Wanaoijua kazi yetu wataelewa kwamba hilo la vidole peke yake lingetosha kuandaliwa sherehe.

Alizaliwa mwaka 1965 wilayani Biharamulo, katika familia ya Wasukuma waliohama kutoka Shinyanga wakiwa na ng'ombe, majembe na, kwa bahati yetu, baba mdogo mmoja aliyejua kutengeneza vibatari kwa makopo. Kwa huyo baba mdogo, siku za gulio, ndiko Koleta alikojifunza kwamba kopo la maziwa ya unga hukatika kama karatasi, kopo la mafuta ya gari linataka mkono, na kopo la rangi humtia mtu adabu. Alikuwa na miaka kumi. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni masomo, kwa hiyo hakuyasahau.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1995. Wakongwe wa karakana wanaukumbuka mwaka huo: kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa jirani yetu, na sisi tulitakiwa kutoa ndoo, majiko ya bati na matangi kana kwamba bati linachipua lenyewe shambani. Waliajiriwa watu arobaini kwa mwezi mmoja. Kwenye benchi la kukata, mwanamke alikuwa yeye peke yake, na msimamizi wa wakati ule alitabiri kwamba hatamaliza wiki mbili. Msimamizi mwenyewe alimaliza miezi mitano.

Mashine kubwa ilifika mwaka 1997, ikiwa imeshatumika kwingine, juu ya lori kutoka Mwanza, imefungwa kamba kama dume linalopelekwa mnadani. Ni ile yenye kisu kirefu kinachoshuka ukikanyaga chini, inayokata shiti ya upana wa mita mbili kwa pigo moja. Watu wa benchi waliibatiza Mkasi, na jina limebaki hadi leo. Haikuja na kitabu cha maelekezo. Ilikuja na kibati kidogo cha shaba, kimeandikwa Kiingereza, chenye namba moja tu ya maana: milimita sita.

Sisi wengine tuliiamini namba hiyo kama tunavyoamini tarehe ya kalenda. Mashine imesema sita, basi inakata sita. Bi. Koleta peke yake ndiye aliyeuliza: sita ya nini? Alikuwa hajasahau makopo. Alijua kwamba unene ni nusu ya habari, na nusu nyingine ni ubishi wa chuma chenyewe. Kwa hiyo akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila shiti mpya iliyoingia, aliikata kwanza ukanda mwembamba wa pembeni, akianza na shiti nyembamba na kupanda polepole kwenye nene, sikio likiwa karibu na mashine kuliko tulivyopenda. Kazi hiyo aliiita kuonja. Mkasi ukikata kimya, endelea. Ukiguna, simama. Ukipiga kelele, umechelewa.

Alionja hivyo karibu mwaka mzima, kisha akaandika kanuni yake kwa chaki ukutani, juu kidogo ya swichi: chuma cha kawaida, sita; stenlesi, ondoa theluthi, ibaki nne; alumini, ongeza nusu, ifike tisa; usichokijua, onja. Miaka mingi baadaye karani wa stoo alipata katalogi ya mashine ya aina hiyo hiyo, akakaa nayo na kamusi siku mbili nzima. Namba za waliounda mashine na namba za chaki zilikuwa zile zile. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na maabara.

Wageni wa kazi hakuwafundisha kwa namba. Aliwapa muwa na kisu. Alimwambia mtu akate katikati ya pingili, halafu akate kwenye fundo, kisha aseme ni wapi muwa umezidi unene. Muwa ni ule ule, unene karibu ule ule, lakini kwenye fundo kisu kinakwama na mkono unauma. Chuma cha kawaida ni pingili, alisema. Stenlesi, kile kisichoshika kutu, ni fundo tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo somo lililiwa. Karani wa stoo aliitoa miwa hiyo kama vifaa vya mafunzo, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza vifaa hivyo viko wapi. Mfukoni Bi. Koleta alitembea na sumaku ya spika ya redio mbovu, imefungwa uzi. Shiti inayong'aa isiponasa sumaku, aliichukulia kama mgeni asiyetaja kwao.

Itakumbukwa pia siku ya springi ya lori. Meneja wa tatu, mtu wa hesabu, alileta bamba la springi la milimita tano, akataka likatwe palepale kwa ajili ya gari la rafiki yake. Bi. Koleta alikataa. Meneja akamweleza, taratibu na kwa sauti ya kumsaidia, kwamba tano ni ndogo kuliko sita. Bi. Koleta hakubishana na hesabu hiyo. Alimpa msumeno wa chuma, akamwomba aanze yeye kidogo kwa mkono, na kama msumeno utaingia, basi Mkasi nao utamalizia. Meneja alivua koti. Alikata hadi saa ya chai. Msumeno ulipoteza meno yote, bamba likapata mkwaruzo ambao leo hii bado unaonekana, kwa sababu linatumika kuzuia mlango wa stoo. Meneja alikuwa muungwana. Tangu siku hiyo alisalimia Mkasi kabla ya kusalimia watu.

Chini ya mikono yake yamepita matangi ya shule za Bugarama na Bukiriro, mapipa ya kuvunia maji, milango ya maghala na majiko yasiyo na idadi. Wafanyakazi kumi na mmoja wamejifunza Mkasi kwake. Wote kumi na mmoja wana vidole vyao.

Mmoja ana kovu. Na hapa wasifu wa kawaida ungeruka, ungekwenda moja kwa moja kwenye shukrani.

Mwaka 2012 uongozi uliamua kwamba kila mashine iwe na kibao cha Kiswahili, kinachotaja kikomo cha mashine, na chini yake jina la mwendeshaji. Lilikuwa wazo zuri. Kuta zilipakwa rangi mpya ili vibao vipendeze, na kanuni ya chaki ikafunikwa siku hiyo hiyo, bila mtu kuona ubaya, kwa kuwa kibao kilikuwa kinakuja. Kuandika kukakabidhiwa karani wa stoo, mtu wa darasa la saba aliyejifundisha Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada na kwa makaratasi yanayokuja ndani ya maboksi ya bidhaa. Alikuwa na mwandiko mzuri, na maoni mazuri zaidi kuhusu mwandiko huo.

Kile kibati cha shaba, kumbe, hakikusema sita tu. Kilisema sita ya chuma cha aina fulani, na neno lililoitaja aina hiyo, “mild”, lilikuwa lile lile linaloandikwa kwenye sabuni za watoto wachanga. Karani alikuwa halijali kwa miaka yote hiyo. Sasa alifungua kamusi, ikampa maneno matatu achague. “Chuma pole” ilisikika kama rambirambi. “Chuma mwanana” ingefaa wimbo wa harusi. Akachagua la tatu, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaandika:

CHUMA LAINI: MWISHO MILIMITA 6.
MWENDESHAJI: K. BULUGU.

Bi. Koleta alikuja kukitazama kibao kabla hakijakauka. Alikisoma mara mbili, kisha akamuuliza karani swali moja.

“Laini ya mkono, au laini ya kisu?”

Swali hilo ndilo wasifu mzima, kwa hiyo lifafanuliwe. Kwa Kiswahili chetu neno hilo moja limebeba mizigo miwili. Laini ni kile kisichokwaruza kiganja, na laini ni kile kisichoshindana na kisu. Shavu la mtoto ni vyote viwili, ndiyo maana hatujawahi kupata shida na shavu. Lakini shiti ya chuma cha kawaida, yenye kutu yake na magamba yake, hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na kwa kisu hiyo ndiyo laini. Stenlesi inateleza kama kioo, na kwa kisu ni jabali. Mtu akiambiwa achague chuma laini stoo kwetu, kwa kiganja chake na kwa akili zake timamu, atachagua kile hasa ambacho Mkasi haukiwezi.

Bi. Koleta aliomba liandikwe “chuma cha kawaida”, kama lilivyokuwa kwenye chaki. Karani alimjibu kwamba kamusi imeandikwa na maprofesa, na kwamba yeye hamfundishi mama kukata shiti, basi na mama amwachie maneno. Watu waliokuwepo walicheka. Bi. Koleta naye alicheka kidogo, kwa heshima, akarudi kwenye mashine. Kibao kikapigwa misumari ukutani. Wiki iliyofuata mgeni wa ushirika alisifu vibao vyetu, akauliza mwandishi wake amesomea wapi. Karani alisema amejifundisha mwenyewe, akaulizwa tena, akasema tena.

Mwezi Machi 2013 Bi. Koleta alikwenda Bukiriro kumzika mama mkwe wake. Mkasi aliachiwa Benedicto, mwenye miezi miwili kazini, ambaye hadi siku hiyo alikuwa bado kwenye bati jembamba na hajafika kwenye somo la muwa. Siku ya pili mteja mmoja wa Biharamulo alitaka vyuma vya miguu ya tangi la maziwa, shiti ya milimita sita, kaileta mwenyewe. Ilikuwa stenlesi. Inafaa iandikwe kwa haki kwamba Benedicto hakukurupuka. Alisita. Alikwenda kusoma kibao. Akarudi, akapitisha kiganja juu ya shiti kutoka mwanzo hadi mwisho, akaridhika, akakanyaga.

Mkasi haukuguna. Kisu cha juu kilimeguka vipande vitatu, na kimoja kilimpiga Benedicto taya. Alishonwa nyuzi saba. Mashine ililala miezi minne.

Kamati ya uchunguzi ilikaa na wajumbe watatu. Katibu wake alikuwa karani wa stoo, kwa sababu ya mwandiko. Benedicto, taya limefungwa bandeji, alieleza kwamba kibao kimesema raini, na ile shiti ndiyo ilikuwa raini kuliko zote stoo, mtu angeweza kujitazamia ndevu. Mjumbe mmoja alicheka. Katibu aliandika maelezo hayo kwa herufi ya L, maana alijali tahajia.

Kisha akaitwa Bi. Koleta, amefika kutoka msibani asubuhi ile, kanga nyeusi bado mabegani. Aliulizwa kama kibao ni chake. Alitazama meza ya katibu. Ukimya ule ulikuwa mrefu wa kutosha mtu kusimama, kukohoa na kusema sentensi moja. Katibu alikuwa anachonga penseli.

“Jina ni langu,” alisema Bi. Koleta.

Katibu akaandika kwenye kumbukumbu: kibao kiliandikwa kwa namna ya kupotosha, mwendeshaji amekiri. Wanaopenda sarufi waitazame vizuri sentensi hiyo. Kiliandikwa. Kitenzi cha kutendwa ni kitenzi chenye adabu sana. Kinaeleza jambo lote na hakimsumbui mtendaji.

Nimeandika “karani wa stoo” mara nyingi kiasi cha kutosha. Nafsi ya tatu nayo ni stoo, mtu anaweza kujificha humo akafunga na mlango. Karani huyo ni mimi, Ferdinand Gervas, niliyepewa kuandika wasifu huu. Mwandiko wa kibao ni wangu, sentensi ya kumbukumbu ni yangu, na penseli ile haikuwa butu.

Ningependa kusema kwamba nilitishwa, au nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Sikutishwa na hakuna aliyeugua. Niliogopa tu kwamba watu waliosikia nimejifundisha mwenyewe wangesema, kumbe ndiyo maana. Hofu yenyewe ilikuwa nyembamba kama bati la geji ya mwisho, lile unaloweza kulikunja kwa vidole. Sikuikata.

Bi. Koleta alipewa onyo la maandishi, akaondolewa kwenye Mkasi, na nafasi ya msimamizi wa benchi, ambayo kila mtu alijua ni yake, ikaenda kwa mwingine. Alihamishiwa tawi letu la Biharamulo, akatengeneza makarai na ndoo za kunyweshea ndama kwa miaka minne. Walioyanunua wanasema makarai yale hayajavuja. Mkasi, kwa upande wake, ulikula seti tatu za visu katika miaka hiyo minne, na mwaka 2017 uongozi ulimrudisha Bi. Koleta Kasulo. Alirudi kama msaidizi. Mwendeshaji sasa alikuwa Benedicto.

Alimfundisha yote: kuonja, theluthi, sumaku, hata muwa. Benedicto alijifunza vizuri, na leo hakuna mkono ninaouamini zaidi. Lakini tangu siku ya taya, Benedicto hakumpa Bi. Koleta shikamoo. Kwa miaka minane tangu arudi alimwambia “habari za kazi”, kama unavyomwambia mtu mliyelingana umri mnayekutana naye dirishani benki. Bi. Koleta alimzidi miaka ishirini na minne. Alijibu “nzuri” kila asubuhi, akashika ncha yake ya shiti. Benedicto hakuwa mkorofi. Aliamini kwamba mama huyu aliandika uongo ukutani, akaenda zake Bukiriro, akamwachia yeye taya, na sisi tuliojua hatukumwambia. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa stoo, karibu na lile bamba la springi, nikisikia salamu hiyo kila siku. Nilihesabu mara moja, Jumapili nisiyokuwa na kazi, ikafika elfu mbili na kitu, nikaacha.

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, Bi. Rozina, alinipa jalada la Bi. Koleta ili nipate tarehe za wasifu. Alisema niandike kurasa mbili za kufurahisha. Karatasi ya kwanza niliyoikuta juu ilikuwa lile onyo, na rasimu yake ilikuwa kwa mwandiko wangu. Bado ni mzuri. Nikaona kwamba tarehe 31 jalada hilo litafungwa, na mwanamke aliyegundua kikomo cha Mkasi kwa masikio yake ataondoka akiwa ndiye asiyejua kikomo cha Mkasi, kwa maandishi, milele. Niliandika barua kwa uongozi siku ile ile, nikaomba onyo liondolewe na kumbukumbu zirekebishwe. Bi. Rozina aliisoma mbele yangu, akavua miwani, akaniambia kamati itakaa. Hadi programu hii ya sherehe ya kuaga inakwenda kuchapwa, haijakaa. Nimeomba siku ikikaa niwepo, na nisiwe katibu.

Rasimu ya wasifu nilimpelekea Bi. Koleta kwanza, nyumbani kwake, mchana, alipokuwa anapepeta maharage. Aliisoma yote bila haraka, karatasi ikiwa juu ya ungo. Alisahihisha mambo mawili. La kwanza, nilikuwa nimeandika alumini inafika kumi. Alisema tisa, na nisiwaue watu mara ya pili. La pili aliliwekea kidole, kwenye neno amekiri.

“Sikukiri,” alisema. “Nilisema jina ni langu. Nilikuwa nakungoja wewe useme mkono ni wa nani.”

Niliomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa maneno, mengine ya kamusi. Aliniambia nimalize kwanza kuandika.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita nilikwenda kwenye Mkasi kabla kazi haijaanza, nikamwambia Benedicto habari yote, nikisimama upande wa kisu ili nisiweze kugeuka na kuondoka. Nilipomaliza alijipapasa taya, pale kwenye kovu, akaniuliza kama mama anajua kwamba nimemwambia. Nikasema hajui. Sitaandika alichoniita. Nilistahili, na programu hii itasomwa mbele ya mapadri. Kisha akafuta mikono kwa tambara, akatoka.

Bi. Koleta alikuwa chini ya upenu wa stoo, anachagua vipande vya kuonjea. Benedicto alisimama mbele yake, mtu wa miaka thelathini na sita, mwendeshaji mkuu, mikono nyuma.

“Shikamoo, mama.”

Bi. Koleta hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza kipande alichokishika, akakiweka mahali pake.

“Marahaba,” alisema. “Ile shiti iliyoingia jana, umeionja?”

Benedicto akasema bado. Mama akamwambia twende basi, wakaenda. Mimi nilibaki upenuni na vile vipande, na nikaona kwamba hakuna aliyenihitaji pale, jambo ambalo lilikuwa sahihi.

Kibao kipya kimeshapigwa ukutani. Maneno yake ameyatamka Bi. Koleta mwenyewe, mimi nimetia rangi tu: chuma cha kawaida, sita; stenlesi, nne; alumini, tisa; usichokijua, onja. Uongozi ulitaka chini yake jina lake libaki, kwa heshima. Limebaki, na safari hii limestahili kuwepo. Lakini chini ya jina hilo, kwa herufi ndogo, kuna mstari mwingine: kimeandikwa na F. Gervas. Kibao kikikosea tena, mjue mlango wa kugonga. Kile cha zamani nimeruhusiwa kukichukua. Kiko juu ya meza yangu ya stoo, kinanitazama, na kila anayekuja kuomba misumari anakisoma na kuniuliza ni cha nini. Namweleza. Inachukua kama dakika kumi, na bado haijawa rahisi.

Bi. Koleta anarudi Biharamulo, kwenye mashamba na ng'ombe wa ukoo wa Bulugu, ambako mwanawe Anold amemjengea nyumba. Bati la paa amelichagua mama mwenyewe, na muuza duka aliyemwambia geji thelathini ni nene kuliko geji ishirini na nane kwa kuwa thelathini ni kubwa alirudishwa shule palepale kaunta: geji ikipanda, bati linakonda. Tunamshukuru mume wake, aliyevumilia miaka minne ya mke kulala tawini, na watoto wake, ambao wengi wetu tulishindwa kuwatazama usoni bila wao kujua sababu. Sasa wanaijua.

Kwa niaba ya Karakana ya Tuinuane, Mama Anold, asante kwa kila ulichokata na kwa kila ulichokataa kukata. Mkasi tumemwachia Benedicto, naye ameahidi kuonja. Wewe nenda kapumzike. Tunakuombea siku zako zote zilizobaki ziwe laini: laini ya mkono, na laini ya kisu. Yote mawili. Nimeuliza kabla ya kuandika.